Nyota za Bibi Mkono

Wifi yangu ana jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini watoto wa darasa la kwanza walimwita Bibi Mkono, na watoto wakishakubandika jina usijisumbue kulibandua. Hata mwalimu mkuu akimtafuta alikuwa anauliza Bibi Mkono yuko wapi. Mimi nimeolewa na mdogo wake. Nafundisha darasa la pili, yeye alikuwa la kwanza, katikati yetu ukuta mmoja usiofika kwenye bati. Kwa hiyo miaka yote hiyo nimesikia kila neno lake, na yeye amesikia kila kelele yangu, maana mimi mdomo ninao na sikatai.

Sasa, wifi kumsifu wifi si kazi nyepesi, lakini ukweli lazima usemwe: mwanamke yule alijua kufundisha kusoma. Alikuwa na namna yake. Anasimama nyuma ya mtoto, anainama, anaufunika mkono wa mtoto kwa mkono wake, penseli ikiwa ndani, halafu wanaandika pamoja huku anaitamka herufi pale sikioni. Mtoto mmoja, halafu mwingine, anapita katikati ya madawati kwa ubavu kwa sababu darasa limejaa mpaka mlangoni. Hakukubali mtoto aandike kosa hata mara moja. Alikuwa anasema kosa likishaingia mkononi, kulitoa ni kazi ya miaka, bora lisiingie kabisa. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, ila sisi tulimtania kwamba yeye anakunja samaki mpaka anakunjika mwenyewe. Jioni analalamika kiuno, asubuhi anarudi kuinama tena.

Mimi nilikuwa nawapokea watoto wake kila mwaka kama mtu anayepokea nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Wengine walikuwa wanasoma kwa kusuasua, lakini wanasoma. Ndiyo maana kitinda mimba wangu alipofikia umri wa shule sikuwaza mara mbili. Binti huyo tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haupumziki hata chakula kikiwemo ndani. Kaka zake walisomeshwa na shangazi yao wakaelewa, nikajua na huyu ni hivyo hivyo. Bahati mbaya, mwaka wa Chiriku ndio uliokuwa mwaka wa vishikwambi.

Vishikwambi ni hizi kompyuta bapa za kushika mkononi, unagusa kioo zinafanya kazi. Zilikuja na lori, za darasa la kwanza na la pili, na lori hilohilo likaondoka na vitabu vyetu vya kusomea. Tuliambiwa vitabu vyote sasa vimo ndani ya vioo, hivi vya karatasi vimechakaa, vinakwenda kusagwa. Nikauliza kwani wasingetuachia hata vichache. Dereva akasema yeye ameagizwa kubeba, hakuagizwa kuacha. Haya bwana. Kabati la vitabu likageuzwa kabati la kuchajia, likatiwa makufuli, ufunguo akakaa nao mwalimu mkuu. Umeme ukikatika, na somo limekatika.

Siku ya mafunzo alikuja mkufunzi mmoja kijana, mwepesi wa maneno, ana haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani. Akatuonyesha. Mtoto anaona picha na chini yake maneno kadhaa, anagusa neno. Akipatia, inalia kengele ndogo, inatokea nyota, na anapandishwa ngazi. Akikosea, inatokea sura iliyonuna, na kishikwambi kinamrudishia somo kwa urahisi zaidi. Kuna na hadithi: mtoto akiigusa, sauti ya mwanamke inamsomea. Nyota zote zinakwenda kwenye kompyuta ya mwalimu mkuu, na kutoka hapo zinakwenda kwa wakubwa. Darasa linalofanya vizuri linaonekana kijani, la katikati njano, linalobaki nyuma linaonekana jekundu.

Wifi alikaa mbele kabisa, amenyoosha shingo, na akauliza swali moja tu: kwa nini mtoto aachwe akosee? Mkufunzi akamwambia ni lazima akosee, ndipo mashine ijue yuko wapi na impe somo linalomfaa. Alijibu vizuri, sina la kumlaumu, ila alijibu huku anafunga zipu ya begi lake. Wifi akaguna. Mguno ule naujua tangu siku nilipoingia kwao kama bi harusi. Ni mguno wa mtu aliyeambiwa jambo na ameamua halimhusu.

Kazi ikaanza. Siku za mwanzo nilisikia kupitia ule ukuta kengele chache na vilio vingi. Watoto wale walikuwa hawajawahi kununiwa na kitu kisicho na uso wa mtu. Mmoja akilia, safu nzima inalia. Halafu ghafla vilio vikakoma. Zikabaki kengele tupu, asubuhi nzima, ting, ting, ting, mpaka darasa langu likawa halinisikilizi. Nikatoka nikachungulia dirishani kwake. Na kumbe nini? Bibi Mkono amesimama nyuma ya mtoto, ameinama, ameshika kidole cha mtoto, anakipeleka taratibu kwenye neno lililo sahihi. Ting. Anahamia kwa mwingine.

Naomba mnielewe, yule mama hakuwa anadanganya mtu. Alikuwa anafanya kazi yake ileile aliyoifanya maisha yake yote. Mtoto asikosee, basi. Lakini penseli inamfanyisha mtoto kazi: mkono unapinda, unapanda, unashuka, herufi inazaliwa humo. Kidole kinagusa tu. Kugusa neno na kugusa ukuta, kwa kidole ni mamoja. Hilo mimi mwenyewe sikuliona siku ile. Nilichokiona ni kwamba darasa lake halina kelele, nikamwonea wivu.

Darasa la kwanza likawa kijani, tena kijani kile cha kung'aa. Likapita shule zote za eneo letu. Wakubwa wakaja kulitazama, wakasimama mlangoni wanapiga picha na makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wifi yangu wala hakuwa na haja ya kutia maji. Aliendelea vilevile, anainama na kunyanyuka, ana furaha kama mtoto. Ofisini walimu wakaanza utani wao, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, lakini cha Bibi Mkono kinavunja rekodi. Mwalimu mkuu akawa anatembea kifua mbele, tumbo likimfuata. Mimi darasa langu lilikuwa njano. Niliitwa nikaambiwa, kwa upole kabisa, nijifunze kwa wifi yangu. Nilichukia, nisiseme uongo.

Nyumbani nako sherehe. Chiriku alikuwa anatusomea. Baba yake akirudi kazini anamkalisha mbele yake, na binti anateremsha hadithi ya kuku na kunguru tangu mwanzo mpaka mwisho, na sauti anaibadilisha kama yule mwanamke wa ndani ya kioo. Baba mtu machozi yanamlengalenga. Siku moja akamletea kitabu kidogo alichokipata kazini, cha mambo ya usalama wa mitambo. Chiriku akakifungua, akatusomea hadithi ya kuku na kunguru. Kitabu alikuwa amekishika juu chini. Baba yake akacheka mpaka akakohoa, akasema mtoto ana akili huyu. Mimi nilicheka pia, lakini kile kitabu nilikitazama mara mbili.

Kesho yake nikiwa jikoni nikamwambia aniletee chumvi. Kwenye rafu kulikuwa na pakiti mbili, ya chumvi na ya sukari, zote nyeupe, zimeandikwa kwa herufi kubwa ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angeziona. Akazitazama. Akaweka kidole juu ya neno moja, akakitoa, akasogeza sikio, akasubiri. Akaweka kidole tena, akabonyeza kwa nguvu zaidi. Halafu akanigeukia, akaniambia hii imeharibika, haisemi.

Niliacha chungu motoni nikaenda moja kwa moja kwa wifi, maana nyumba zetu ziko uwanja mmoja. Sikubisha hodi vizuri. Nilimwambia mtoto hajui kusoma, hajui hata herufi ya jina lake, na kama wangu hajui basi hakuna anayejua. Akanitazama toka juu mpaka chini. Akasema darasa langu ni njano, labda nikalale, nitaamka na akili nyingine. Tukarushiana maneno ya mawifi, yale ambayo mtu unayaweka akiba kwa miaka. Mume wangu akaja, akaniambia nisiingilie kazi ya dada yake, damu nzito. Nikamwuliza na ya mwanao je, ni nyepesi? Hata hivyo alikaa upande wa dada yake.

Asubuhi iliyofuata, kabla kabati halijafunguliwa, nilisikia chaki ubaoni kwa jirani. Nilikuwa sijaisikia kwa muda mrefu. Akaandika neno, akauliza ni nini. Kimya. Akaandika jingine fupi zaidi. Kimya. Akaandika herufi moja peke yake, akabembeleza, akaita majina ya wale mabingwa wake wa nyota, mmoja mmoja. Mwisho ikasikika sauti ndogo ya mtoto, ina adabu zote.

"Mwalimu, mbona haisemi?"

Nilisikia chaki ikiwekwa. Akatoka, akaja mpaka mlangoni kwangu, mbele ya watoto wangu wote, na uso wake sijapata kuuona vile hata kwenye msiba wa mama yake. Hasira zangu ziliyeyuka palepale. Akaniambia, "Wifi, hawa watoto sijawafundisha kitu." Halafu akarudi darasani kwake, kwa sababu kengele ya kipindi ilikuwa imelia na vishikwambi vilikuwa vinaletwa.

Nilidhani tatizo likishajulikana limeshaisha nusu. Kumbe. Kwanza, kuviacha vishikwambi kabatini haikuwezekana, kwa sababu vinahesabu muda vilivyotumika, na visipowaka kipindi cha kusoma mwalimu mkuu anapigiwa simu. Basi wifi akafanya alivyoambiwa na mkufunzi siku ile: akawaacha watoto wakosee. Akasimama mbele, mikono nyuma, mikono ile. Lakini mashine ilikuwa imekwisha kuwapandisha ngazi za juu kabisa, inawapa hadithi ndefu na maswali ya ufahamu, watoto wasiojua herufi a. Sura zilizonuna zikajaa darasa zima. Wengine wakalia, wengine wakagundua kwamba ukigusa ovyoovyo mwisho utapatia, na wengine wakakaa wamefumbata vidole makwapani, hawataki kugusa tena. Mashine ilikuwa inashuka, ndiyo, lakini inashuka kwa kujivuta kama mzee kwenye ngazi, na mwaka ulikuwa unakimbia. Kitabu cha kushika, hakuna. Wakati wa mapumziko akawa anajaribu kuwafundisha kwa chaki, nao wanatazama nje wenzao wanavyocheza mpira. Ungewalaumu?

Darasa likawa jekundu. Mwalimu mkuu akamwita, na wifi akaniomba niingie naye. Mwalimu mkuu alianza kwa pole. Akauliza kama anaumwa, kama kuna msiba, kama labda umri sasa. Wifi hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mkuu, zile nyota ni zangu," alisema. "Vidole vya watoto, lakini aliyekuwa anagusa ni mimi. Hawajui kusoma hata mmoja. Naomba warudishwe mwanzo."

Mwalimu mkuu akainuka akafunga mlango. Si mtu mbaya, nitamtetea kidogo hapo. Alitoa simu palepale akampigia mkufunzi, akaweka sauti nje tusikie sote. Mkufunzi akasema kurudisha darasa zima mwanzo hakufanyiki shuleni, kunafanyika juu, na huko juu matokeo yameshaingia kwenye taarifa ya mwaka. Akasema labda mwakani. Simu ikakatika. Mwalimu mkuu akakaa anapangusa kioo cha kompyuta yake kwa kiganja. Akasema shule imesifiwa mbele ya watu, madarasa mengine yameahidiwa vishikwambi kwa ajili ya zile nyota, na sasa yeye akaseme nini? Halafu akasema lile alilokuwa analizunguka: "Malizia mwaka ulivyouanza, Bibi Mkono. Na hayo uliyoyasema yaishie humu ndani."

Wifi akasema hawezi. Akarudi darasani, akaendelea kuweka mikono nyuma na kula wekundu wake. Niliona fahari juu yake, mara ya kwanza tangu niolewe. Nikajiambia huyu sasa atapigana.

Hawakumpa nafasi ya kupigana. Wale wakubwa hawakutazama wiki zile za wekundu. Walikuwa wameshatazama kijani, wakapenda, wakaamua. Ikaja amri ya uhamisho, tena wenye cheo. Bibi Mkono anatolewa darasani, atazunguka shule za eneo lote kuwafundisha walimu wenzake mbinu zake. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mimi nilicheka, kicheko kibaya. Yeye hakucheka. Alikwenda ofisi za juu kueleza, akaelekezwa mlango huu, akaelekezwa mlango ule, mwisho mama mmoja mwenye heshima zake akamshika bega, akamwambia unyenyekevu ni tabia nzuri lakini usizidi. Kukataa uhamisho wakati amebakiza kidogo tu astaafu kungekuwa kuipiga teke kazi ya maisha yake yote. Akaenda.

Nafasi yake akawekwa kijana wa muda, hana mafunzo ya ualimu, kazi yake kufungua kabati, kugawa na kukusanya. Sijui nani alimnong'oneza, ingawa najua. Siku chache tu nikasikia tena kupitia ule ukuta: ting, ting, ting. Sikwenda hata kuchungulia. Kijani kikarudi, mwalimu mkuu akarudisha kifua chake mahali pake.

Huko alikokuwa anazunguka, wifi aliwaambia walimu ukweli. Anasimama mbele yao anasema msiwashike watoto vidole, mimi niliwashika nikawaharibu. Walimu wanasikitika, wanaitikia kwa kichwa. Chai ikifika wanamsogelea pembeni, wanamwuliza kwa sauti ya chini, sasa dada, vizuri, lakini ulivishikaje? Wakuu wao nao wanataka kijani. Aliponisimulia alikuwa amekaa kizingitini kwangu, anachezea kamba ya kiatu. Akasema anakwenda kueneza ugonjwa kwa kuutaja.

Mwaka ulipokwisha nilikwenda kwa mwalimu mkuu kama mzazi, si kama mwalimu. Nilivaa vizuri, nikaongea taratibu, jambo ambalo nyumbani wasingeliamini. Nilimwomba mtoto mmoja tu. Watoto wa watu nimewashindwa, lakini huyu wangu abaki darasa la kwanza, arudie, nitamfundisha mwenyewe kwa chaki. Akafungua kompyuta, akanigeuzia. Jina la binti yangu lilikuwa juu kabisa, limezungukwa na nyota mpaka lilikuwa halionekani vizuri.

"Mtoto wa hivi nitamrudishaje?" akaniuliza. "Nitaandika sababu gani?"

Nikamwambia aandike hajui kusoma. Akaniambia mashine haina mahali pa kuandika hivyo.

Basi Chiriku yuko darasani kwangu sasa, yeye na wenzake wote. Vishikwambi vyao vinawapa masomo ya darasa la pili, tena ya mwisho wa mwaka. Nikiwasha, wanagusa. Nikizima, mwalimu mkuu anapigiwa simu. Herufi nawafundisha kwa kuiba, dakika za kuokoteza, na wanaonisikiliza ni wachache. Wale wakubwa kiumri darasani wanasema mwalimu huyu anatufundisha mambo ya watoto wadogo.

Jumamosi iliyopita wifi alikuja. Hakuniuliza darasa langu ni rangi gani. Alitandika mkeka, akaweka karatasi na penseli, akamwita Chiriku kwa lile jina la kumbembeleza ambalo hutumia shangazi mtu peke yake. Binti akaja mbio, akamkumbatia, akasalimia vizuri. Wifi akamkalisha, akakaa nyuma yake, akamwambia leo tunaanza upya, mimi na wewe, kidogo kidogo.

Chiriku akaitazama ile penseli, halafu akamtazama shangazi yake kwa huruma, vile watoto wanavyowatazama wazee wanaosahau mambo.

"Shangazi, mimi kusoma nilishamaliza."

Hakusema kwa jeuri, wala hakuwa anakimbia kazi. Alikuwa anamwarifu tu. Akainuka, akajipangusa magoti, akatoka kwenda kucheza. Wifi alinitazama, na mimi nikamtazama. Hakuna aliyemwita arudi.